Shelisheli kwa Herufi Ndogo

Mtu akirudi Mafia baada ya kukaa nje huulizwa maswali mawili: umeleta nini, na unaondoka lini. Baina ya hayo mawili hapana nafasi ya swali la tatu, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya kazi gani huko nje, wala nje yenyewe ni wapi. Kwa watu wa kwetu nje ni mahali pamoja tu. Pana fedha nyingi, na wanaotoka huko huja na mabegi mazito. Langu lilikuwa zito kweli. Jirani aliyenisaidia kulishusha aliufurahia uzito wake mpaka nilipolifungua akaona vitabu vya hisabati, akaaga mapema.

Nilirudi kwa sababu ya mama. Kiharusi kilimkuta uani anaanua nguo, kikamchukua mkono na mguu wa kulia na kumvuta mdomo upande. Ndugu zangu wawili wametangulia mbele ya haki, nimebaki mimi. Kule Shelisheli, nilikofundisha hisabati miaka minane, mkuu wangu alinipa likizo bila malipo pamoja na mkataba mpya, niurudishe umesainiwa kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mambo yalikuwa wazi hata kwa asiyejua hesabu. Nikipata kazi ya ualimu hapa kisiwani kabla ya Ijumaa hiyo, nakaa na mama. Nisipopata, nasaini, naondoka, na mama anabaki mikononi mwa jirani mmoja mzee ambaye mwenyewe anatembelea fimbo.

Mama alikuwa na uamuzi wake. Kila asubuhi nikimlisha uji alisubiri kijiko cha tatu au cha nne, kisha akasema kwa ule mdomo mzito, "Nimekukatia riziki yako, mwanangu. Rudi kazini kwako." Neno hilo unaweza kulivumilia siku tatu. Siku ya kumi nilimjibu kwa ukali anyamaze ale. Akanyamaza, akala. Ukali ule unaniuma mpaka leo.

Ndipo nikasikia kwamba sekondari moja ya binafsi pale Kilindoni inatafuta walimu. Sikuwa nimeandika sivii tangu nitoke chuoni, nikamwomba msaada binamu yangu wa Dar es Salaam, ambaye kazi yake ni kuajiri watu na, ikibidi, kuwaaga. Binamu huyu hapigi simu. Hutuma ujumbe wa sauti, tena mrefu, na nyuma yake unasikia ofisi nzima inafanya kazi isipokuwa yeye. Alinieleza kwamba walimu tunaorudi kutoka nje tuna ugonjwa mmoja: tunaandika kwamba tulifundisha, basi.

"Kufundisha kila mtu anafundisha, dada," alisema. "Andika ulilea. Andika ulikuza. Andika tangu hatua za awali mpaka kukomaa. Andika matokeo yaliongezeka mwaka hadi mwaka. Na iwe ukurasa mmoja tu, wa pili hakuna anayeusoma. Halafu matatizo ya nyumbani usiyataje kabisa. Mwajiri anataka mtu asiye na mzigo."

Ujumbe wake wa mwisho niliufungua nikiwa jikoni, mikono ina unga, simu iko juu ya sufuria iliyofunikwa, sauti imefunguliwa yote. "Shida yenu watu wa visiwani mna haya!" alipaza sauti binamu yangu. "Lazima ujiuze, dada! Usiogope! Ingia mle ndani ujiuze mpaka waseme ndiyo!"

Mama akaita kutoka chumbani. "Nani huyo," akauliza, "anayekwambia ukajiuze?"

Nikaenda kumweleza kwamba si kule kujiuza anakokudhania. Ndivyo wanavyosema maofisini, nikamwambia. Maana yake ni kukaa mbele ya watu wazima na kujisifu mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba wewe ni hodari. Mama akatafakari. Nilimwona anapima ipi kati ya hizo mbili ni aibu kubwa zaidi, na sikusubiri jibu.

Nilimwelewa, maana nimelelewa na yeye. Kwetu mtu hajisifu. Muulize mwanamke anayeitwa kupika pilau kwenye kila harusi kama anajua kupika, atakwambia anababaisha tu. Muulize fundi anayetengeneza mashua za nusu ya kisiwa, atasema anajaribujaribu. Nilifunga mlango nikaandika wasifu wangu kwa penseli. Kila nilipoandika "nimefanikiwa" nilihisi mtu anasoma nyuma ya bega langu na kuguna.

Kuchapa nilikwenda steshenari. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi, mtu wa hapahapa Kilindoni, babu yake alimwuzia babu yangu mafuta ya taa. Huchapa kwa vidole viwili, taratibu, akisoma kwa sauti kila anachokiandika, hivyo wanaosubiri kutoa kopi huondoka wakiwa wanakufahamu vizuri. Kibodi yake ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, na kitufe cha herufi kubwa kilikuwa hakishuki tena.

"Usijali, mwalimu," aliniambia. "Jina lako tutalikoleza wino. Herufi kubwa ni maringo tu."

Alipomaliza, mistari mitatu ilivuka kwenye ukurasa wa pili. Nikamwambia ukurasa lazima uwe mmoja. Akanituma nikanywe soda dukani kwa mkewe, yeye atapunguza. Nikaenda, nikanywa soda. Niliporudi nilikuta karatasi nadhifu, imetulia, hakuna neno lililokaa bure. Maneno ambayo yeye aliona yamekaa bure alikuwa ameyafuta. Nilitazama kama jina langu limeandikwa sawa, nikaona limeandikwa sawa, nikaipeleka shuleni siku hiyohiyo. Miaka yote nimewaambia watoto wapitie majibu yao mara mbili kabla ya kukusanya.

Siku ya usaili nilivaa baibui jipya na viatu vya kule. Jopo lilikuwa la watu watatu, lakini mmoja alikwenda mazikoni, wakabaki wawili. Kulikuwa na mwenyekiti wa bodi, mzee wa Miburani mwenye shamba kubwa na kofia iliyodariziwa vizuri, na mkuu wa shule, mtu wa bara, aliyekaa pembeni na kalamu bila kusema kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Za nyumbani? Mama yu hali gani?"

Binamu yangu hakunifundisha jibu la swali hilo. "Hajambo," nikasema, kama tunavyosema hata mtu akiwa hawezi kujigeuza kitandani.

"Nasikia mguu hauna nguvu."

"Hauna, mzee."

"Na mkono?"

"Na mkono."

"Nani anamwangalia?"

"Mimi."

"Peke yako? Masikini. Mwenyezi Mungu atamwafu, inshallah."

"Amin." Hivyo kabla usaili haujaanza nilikuwa nimekwisha kuutua mzigo wangu wote mezani, na hapo kwenye mzigo ndipo mkuu wa shule alipoinua uso kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti akavaa miwani, akaishika karatasi yangu mbali na macho. "Umesomea hisabati," akasema. "Halafu ukaingia kwenye shelisheli. Miaka minane!"

"Naam. Mwanzo ilinipa tabu, mzee. Sikuizoea. Lakini Shelisheli ukishaizoea, ni vigumu kuiacha."

"Hilo kweli kabisa," akasema kwa hisia. "Watu wa siku hizi wanaidharau. Wewe ulianza na idadi gani?"

"Thelathini na wawili."

"Na wawili!" Akamgeukia mkuu wa shule. "Unamsikia? Anaihesabu kama watu."

Nilidhani anawasema walimu wanaowaita watoto kwa namba, tabia ambayo mimi pia siipendi. "Si ndio watu wenyewe, mzee," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vifo?"

"Vifo?" Nilishtuka. "Alhamdulillahi, hata kimoja. Mmoja tu alianguka siku ya upepo mkali akavunjika mkono. Tulimfunga bandeji, mwezi wa pili akawa mzima."

Mwenyekiti akaiweka karatasi chini. "Bandeji," akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia jambo. Mkuu wa shule alikuwa anakohoa. "Na mbolea, mwanangu? Wewe unatia ya ng'ombe au ya kuku?"

Nikainama kuitazama ile karatasi, ambayo kwa upande wangu ilikuwa kichwa chini miguu juu. Hisabati humzoeza mtu kusoma vitu kutoka upande wowote. Ilikuwa imeandikwa: "uzoefu: shelisheli, miaka minane. kulea na kukuza tangu hatua za awali mpaka kukomaa. matokeo yaliongezeka mwaka hadi mwaka." Mzee wa steshenari alikuwa amefuta nchi, shule na wanafunzi. Lililobaki ni lile tunda la kijani tunalolipika kwa nazi, na mimi miaka minane nikilikuza.

Nilifungua mdomo niseme. Nashuhudia kwamba niliufungua. Mwenyekiti akaniwahi. "Nitakwambia kweli," akasema. "Nafasi ya hisabati tumeijaza tangu wiki iliyopita. Lakini mtaala mpya umetuletea masomo ya amali, ya kazi za mikono, na sisi tumechagua kilimo, na mwalimu hatuna. Wanaokuja wanajua nyanya za kwenye vitabu tu. Mtu wa shelisheli hatujapata kumwona."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Niliwaza uji wa asubuhi, na nani atashika kijiko.

"Ya kuku, mzee," nikasema.

Barua ya kazi ilifika kesho yake. Niliajiriwa kuwa mwalimu wa kilimo, "hususan shelisheli na mazao mengineyo." Ijumaa nikaandika barua pepe kule, nikaukataa mkataba kwa adabu zote. Baada ya kuituma nilikaa kitandani nikaogopa sana. Kazi ya uhakika nilikuwa nimeitupa, na niliyoipata nilikuwa nimeiiba. Siku wakinigundua sina pa kwenda, na mama yangu atakuwa na haki ya kusema amenikatia riziki, safari hii kweli.

Ilibidi nimwambie mama. Nilimweleza yote, kuanzia steshenari mpaka bandeji. Nilipomaliza mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ni kiharusi cha pili, nikamrukia. Kumbe anacheka. Alicheka upande mmoja wa uso, kwa kuwa wa pili haukuweza, na machozi yakamtoka pande zote mbili. Tangu nirudi nilikuwa sijamsikia akicheka. Nililia pale pale mbele yake wala sikujificha.

"Wewe," akasema alipopata pumzi, "mshelisheli hata kuupanda hujui."

Ilikuwa kweli. Upo mmoja nyuma ya nyumba yetu, nimekula matunda yake tangu nina meno ya utoto, na kama angeniuliza mbegu yake ikoje ningemchorea. Mama akaniambia hauna mbegu. Mshelisheli huzaliwa kwenye mzizi. Unautafuta mzizi uliopita juujuu, unauchubua ngozi kidogo kwa kisu, unaufukia usiufukie sana, unasubiri. Likitoka chipukizi, likawa na kimo, unaukata mzizi pande zote mbili, unakwenda kulipanda kivulini. Aliyasema hayo kwa muda wa saa nzima, maana kila neno alilivuta kama ndoo kisimani. Mimi niliandika. Shahada yangu ilikuwa ukutani, mimi niko mkekani kwenye daftari la kurasa arobaini, na siku iliyofuata nikasimama darasani nikafundisha kile nilichofundishwa jana yake. Wanafunzi wakiniuliza swali zuri niliwaambia tutalijibu kipindi kijacho, na jioni nikamwuliza mama.

Mambo yalikwenda hivyo wiki sita. Tatizo likawa vitendo. Mtaala unataka vitendo, na shuleni hapana mshelisheli. Mwenyekiti mwenyewe, kila tukikutana, aliniuliza lini nitawaonyesha watoto namna ninavyofanya. Nikaona sina njia. Nikawaomba wanafunzi wangu, kumi na tisa kwa idadi, waje nyumbani kwetu asubuhi moja na majembe.

Mama hakuwa ametoka nje tangu augue. Hakutaka watu wauone mdomo. Asubuhi ile nilimwekea kiti karibu na dirisha ili anisikilize nikikosea, akakikataa. Akataka kiti kiwekwe nje, chini, kwenye mizizi. Mimi na yule jirani aliyeshusha begi tukamtoa mmoja huku na mmoja huku, tukamkalisha. Akavuta mtandio ukamfunika mpaka chini ya macho, akatulia. Wanafunzi wakamwamkia mmoja mmoja, akawaitikia kwa kichwa.

Nikaanza somo. Nikaeleza mzizi, nikaeleza kisu, nikaeleza kuchubua, kwa ufasaha mkubwa. Kisha nikampa binti mmoja wa kidato cha kwanza jembe nikamwonyesha pa kuchimba, naye akaliinua.

"Siyo hapo!"

Sauti ilikuwa kubwa, imenyooka, mpaka nikageuka kutazama nani amekuja. Ilikuwa ya mama. Mtandio ameushusha mpaka kifuani, mdomo uko wazi mbele ya watu kumi na tisa, na mkono wa kushoto unaonyesha ardhini. "Huo mzizi mkubwa, ukiukata mti wote unaumwa. Sogea. Sogea tena. Hapo." Binti akachimba, mzizi mwembamba ukatokea, wanafunzi wakapiga kelele za furaha. Baada ya hapo hakuna aliyenitazama mimi. Walikisogelea kiti cha mama, wakamwuliza, akawajibu, na yule asiyeelewa maneno yake akasubiri ayarudie, naye akayarudia bila haya yoyote.

Nilikuwa nimesimama hivyo, sina kazi katika somo langu mwenyewe, nilipomwona mkuu wa shule amesimama kwenye pembe ya nyumba. Sikujua amefika saa ngapi. Nilijua tu kwamba ameona ya kutosha. Nikamfuata, nikaona bora niseme mwenyewe kabla sijaambiwa.

"Mkuu," nikasema, "Shelisheli niliyokaa mimi ni nchi."

"Najua," akajibu. "Somo langu ni jiografia."

Akaendelea, taratibu, macho yakiwa kwa wanafunzi. Kila mwalimu anayemwajiri hukaa muhula mmoja, alisema. Wana vyeti vizuri na barua nzuri, na likizo ikifika wanapanda boti na kurudi bara, na watoto wanabaki na daftari lililoishia katikati. "Siku ile nilikuwa sitafuti mjuzi, mwalimu. Wajuzi nimewaona. Nilitafuta mtu asiyeweza kuondoka." Akaonyesha kwa kidevu kule alikokaa mama. "Uliposema unamwangalia peke yako, mimi nikamaliza usaili. Yaliyofuata nilikuwa najizuia kucheka tu."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika hasira ya kutaka kumrudishia barua yake usoni. Miaka kumi na mitatu ya kufundisha, shahada, miaka minane ya ugenini, na kilichonipa kazi ni mguu wa mama yangu uliokufa ganzi. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo sikuipima, nikasahau tuko mbele ya nani. Wanafunzi wakaacha maswali. Nikageuka nikaona mama ananitazama, na nikajua amesikia kila neno, na nilitamani ardhi ile tuliyoichimba inimeze.

Mama akayapanga maneno, kama afanyavyo sasa, moja baada ya moja, na upande wa uso uliokuwa mzima ukaanza kupanda.

"Kumbe," akasema, "kazi nimepata mimi."

Kisha akamwambia mkuu wa shule asogee, amesimama juu ya mzizi.